Watoto wa Watu na Birika Letu

 

Ndugu wasomaji, neno amana tumezoea kulisikia likitajwa kwa fedha, dhahabu na mali ya mayatima. Mtu akiwekewa bangili za jirani yake huzifunga sandukuni, akaficha ufunguo, na usiku akaamka kutazama kama zipo. Leo nataka kuzungumza juu ya amana nyingine inayopita mikononi mwetu kila asubuhi bila ya sanduku wala ufunguo, nayo ni mtoto wa mtu. Na mahali nitakapowapeleka si mahali panapozungumzwa sana katika kurasa za heshima, kwani ni chooni. Niwieni radhi. Dini yetu haikuona haya kutufundisha adabu za choo, tangu mguu wa kuingilia mpaka dua ya kutokea, basi na sisi tusione haya kupatengeneza.

Nyumba yetu iko Lamu, katika mitaa ya ndani, nayo ni nyumba ya mawe ya kale. Tunakaa humo mama mkwe wangu, mume wangu, shemeji yangu, mimi na watoto wetu watatu ambao sasa wanasoma. Choo ni kimoja, cha sote. Pembeni mwake pana birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa, ukuta wake wanifika mapajani. Ndani ya birika mna visamaki vidogo, kama walivyofanya wazee wetu, ili wale viluwiluwi vya mbu na maji yakae safi. Ukutani mna vidaka viwili, na katika vidaka hivyo kila mtu wa nyumba alikuwa akiweka chake: wembe, sabuni, chupa ya dawa ya kusafishia, mafuta ya nywele. Miaka yote hiyo sikuona kosa lolote katika choo hicho. Watoto wangu wamekulia humo na Mola amewahifadhi.

Kazi ya kulea watoto wa watu sikuitafuta. Jirani yangu mmoja ni mwalimu, na likizo yake ya uzazi ilipokwisha hakuwa na wa kumwachia mtoto. Akaniletea. Baada yake akaja wa pili, ambaye mamake ni karani, na wa tatu, ambaye mamake hupika mahamri ya kuuza na hawezi kuwa jikoni na mtoto kiunoni. Ikafika watoto sita, mdogo wao ana mwaka na nusu na mkubwa hajatimiza minne. Huletwa asubuhi na huchukuliwa baada ya sala ya alasiri. Wazazi wao hunipa ujira kila mwezi, nami huupokea bila ya haya, kwani ni halali ya jasho langu. Lakini ujira huo huo ndio unaonifunga zaidi. Mwenye kulipwa kwa ajili ya kutazama hana udhuru wa kusema kwamba hakutazama.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, wakati wa adhuhuri. Nilikuwa nimekwisha kufua nguo za watoto chooni, na kwa tabia yangu ya usafi niliifudikiza ndoo kando ya birika ili ikauke. Mume wangu akaingia kutawadha, akasikia ikama, akatoka kwa haraka kwenda msikitini. Mlango ukabaki wazi. Mimi nilikuwa ukumbini nikiwapakulia watoto wali. Nikahesabu sahani sita, nikahesabu vichwa vitano.

Kila mlezi ajua kwamba kelele za watoto ni salama, na kimya chao ndicho cha kuogopwa. Nikamwita kwa jina. Hakuitika. Nikaenda chumbani, hayumo. Nikaenda uwani, hayuko. Nilipofika mlangoni pa choo niliona ndoo yangu ile iliyofudikizwa, na juu ya ukuta wa birika naliona nyayo mbili ndogo zinatazama juu. Alikuwa amepanda kutazama samaki.

Nilimtoa. Sikumbuki nilivyomtoa. Alikuwa na midomo ya buluu, akakohoa, akatapika maji, kisha akalia. Wallahi sijapata kusikia sauti nzuri kama kilio kile. Tukamkimbiza hospitali, na daktari akaamrisha abaki humo saa kadhaa akitazamwa pumzi, kwani mtoto aliyevuta maji mapafuni aweza kuonekana mzima kisha hali ikambadilikia baadaye. Alhamdulillahi, haikumbadilikia.

Jambo nililojifunza siku ile, na ambalo wengi hawalijui, ni kwamba mtoto anayezama hapigi kelele. Tunadhani tutasikia maji yakirushwa na sauti ya kuita msaada. Hapana. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito kwa kulinganishwa na kiwiliwili chake. Akiinama akapinduka hana nguvu ya kujiinua, na maji yakiziba pua na kinywa hana pumzi ya kulilia. Maji ya kimo cha sentimita chache yatosha, na muda wenyewe ni wa dakika chache tu. Shirika la Afya Duniani limekisia kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na katika hao wamo watoto wengi wasiofika miaka mitano. Tusidhani kwamba wote hao walikwenda baharini. Wengine walikuwa nyumbani mwao, kwenye ndoo, pipa na birika.

Sasa nitaeleza mtihani wa pili, ambao kwangu ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. Mtoto alipelekwa hospitali na mimi na mama mkwe wangu, na mamake alikuwa hajafika. Tulipokuwa tumeketi pale bao la nje, mama mkwe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mtoto yu hai. Mwambie mwenzio kwamba aliteleza akapaliwa na maji, basi. Ya nini kumtia wahaka, na ya nini kulivua nguo jina la nyumba?" Hakusema kwa ubaya. Yeye ametoka katika zama ambazo siri ya nyumba ni sitara yake. Na mimi, sitaki kuwaficha, nilitamani sana kumtii. Niliwaza ujira wa watoto sita. Niliwaza maneno ya mtaani.

Lakini nikajiuliza: mtu aliyewekewa bangili, moja ikaanguka kisimani kisha ikaopolewa, je, ana haki ya kumficha mwenye bangili kwamba kisima kiko wazi? Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Nami nikaona kwamba habari ya mtoto ni sehemu ya mtoto. Nikimrudisha mtoto nikaizuia habari, nimerudisha nusu ya amana.

Mamake alipofika nilimwambia lote, hata habari ya ndoo. Mume wangu hakuwa na kosa kuliko langu. Yeye aliacha mlango, na mimi niliweka ngazi. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akamchukua mwanawe, akasema "Haya," akaondoka. Hakunitukana. Siku ya pili hakumleta, wala ya tatu.

Majirani walikuja kunipa pole, na wengi wao walisema neno moja: "Usijilaumu, kila jambo ni kwa qadari." Ni kweli, na hiyo ni nguzo ya imani yetu. Lakini kuna tofauti baina ya kuiamini qadari na kujificha nyuma yake. Imepokewa katika Tirmidhi kutoka kwa Anas kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na atawakali. Akamwambia amfunge, kisha atawakali. Basi ikiwa ngamia hufungwa, birika nalo hufunikwa.

Tena tazameni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba usiku ukiingia watoto wazuiliwe ndani, milango ifungwe kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, viriba vifungwe vinywa, vyombo vifunikwe, na taa zizimwe. Na kuhusu taa ikatajwa na sababu yake, kwamba panya aweza kuuburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Subhanallah! Mtume wa umma mzima anashughulika na panya na utambi. Hakusema kwamba hayo ni madogo. Alituonyesha kwamba mwenye nyumba anatakiwa aitazame nyumba yake kabla ya kulala, aulize: ni kitu gani humu kinaweza kumdhuru aliyelala? Na mimi nikaona kwamba mwenye kulea anatakiwa aulize swali hilo hilo asubuhi kabla watoto hawajafika.

Jumamosi ile nilifanya jambo lililomchekesha shemeji yangu. Niliingia chooni nikapiga magoti, nikatembea kwa mikono na magoti kama mtoto, nikatazama kila kitu kutoka kimo chake. Nikastaajabu. Choo nilichokijua miaka kumi na minane kilikuwa choo kingine kabisa. Nitawaeleza niliyoyaona na tuliyoyafanya, kwani huenda yakamfaa mtu.

Kwanza ni birika na ndoo. Tulimwita seremala akatutengenezea mfuniko wa mbao wenye mianya myembamba, ili samaki wapate hewa na mwanga, ukafungwa kwa bawaba upande wa ukuta na kwa komeo upande wa mbele. Mtu mzima huufungua, akachota kwa kata, akaufunga. Na ndoo hazikai tena chooni, zikiwa tupu wala zikiwa na maji. Ndoo iliyojaa ni kisima, na ndoo iliyofudikizwa ni ngazi.

Pili ni mlango. Komeo la nje tulilipandisha juu, pasipofika mkono wa mtoto, na mlango hufungwa wakati wote hata kama ndani hamna mtu. Kia cha ndani nacho tulikipandisha. Hapo zamani kilikuwa chini, na mtoto angeweza kujifungia tukabaki nje tukipiga mlango.

Tatu ni vidaka. Vile ambavyo kwangu vilikuwa juu, kwa mtoto mwenye ndoo vilikuwa karibu. Nilivitoa vyote. Nyembe, dawa za kusafishia na dawa za wagonjwa sasa zimo katika kasha lenye kufuli, juu ya kabati la mama mkwe. Na hapa nataka kuwaonya wenzangu juu ya tabia moja tuliyoizoea sisi sote wa pwani: kutia mafuta ya taa au dawa ya kufanyia nguo ziwe nyeupe katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa. Akiona chupa ya soda huinywa kama soda. Ikitokea akanywa, msimtapishe, kwani kitu hicho kikirudi juu huunguza koo mara ya pili, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni huwa hatari zaidi. Mpelekeni hospitali upesi, na chupa yenyewe mwichukue. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa chooni kuondoa harufu navyo nimeviondoa. Ni sumu, na kwa macho ya mtoto ni peremende.

Nne ni maji ya moto. Anayemkoga mtoto atie maji ya baridi kwanza kwenye beseni, kisha ndipo aongeze ya moto, akoroge, na ajaribu kwa kiwiko kabla hajamtia mtoto. Wengi wetu hutanguliza ya moto tukaenda kuleta ya baridi, na katika kwenda huko na kurudi ndimo msiba hutokea, kwani ngozi ya mtoto ni nyembamba na huungua upesi kuliko yetu.

Tano ni sakafu na tundu la choo. Ukoga husuguliwa kwa brashi kila jioni, na maji hukaushwa. Mitalawanda ya mama mkwe, ambayo kila mtoto alipenda kuivaa na kila aliyeivaa alianguka, sasa huning'inizwa kwenye msumari. Tundu lina kibao chake cha kulifunikia, na watoto wadogo hutumia poti.

Sita, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba mtoto haachwi chooni peke yake hata kwa muda wa kuitikia hodi. Anayebisha angoje. Simu nayo ilie mpaka inyamaze. Mfuniko na komeo ni wasaidizi tu, na jicho ndilo mlinzi.

Ndugu wasomaji, kupigilia misumari ilikuwa kazi ya siku mbili. Kazi ngumu ilikuwa watu. Choo ni cha sote, na kila mmoja alikuwa na desturi yake. Shemeji alisema kwamba hawezi kufungua komeo na mkono una sabuni. Wanangu walisahau. Mama mkwe alisema kwamba amelea watoto saba katika choo hiki bila ya mfuniko. Nikamjibu kwa heshima, "Mama, wewe ulilea saba walio wako, na nyumba ilikuwa na mashangazi na wajakazi wa kutazama. Mimi nina sita wa watu, na macho mawili." Akanyamaza. Jioni ile nikamsikia akimfokea mjukuu wake, "Rudi ukafunge komeo! Kuna watoto wa watu humu." Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kusema tena. Mwenye sauti katika nyumba alikuwa amelipokea jambo.

Pamoja na hayo tulipanga zamu. Wanaume wa nyumba huoga na kumaliza haja zao kabla watoto hawajafika, na kwa sala ya adhuhuri hutawadhia msikitini. Katika hili nilikumbuka Suratun Nuur, aya ya 58, ambamo Mwenyezi Mungu amewataka hata wadogo wasiobaleghe waombe idhini katika nyakati tatu za faragha. Ikiwa watoto wa nyumba wenyewe wamefundishwa mpaka huo, seuze watoto wa watu? Basi wanaowakoga na kuwatawaza watoto ni mimi na mama mkwe tu. Hawavuliwi nguo mbele ya wengine, na mtoto anayeweza kujitawaza hufundishwa kujitawaza mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na kujua kwamba uchi wake ni wake. Wazazi wamejua utaratibu huu, na mlango wangu uko wazi kwao saa yoyote bila ya kunipa habari.

Huenda mtu akasema kwamba ikiwa mambo ni hatari hivi, heri kila mama akae na mwanawe. Sivyo. Hatari haikuletwa na malezi ya pamoja. Huko Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu iliyojaa mito na vidimbwi, watoto wengi walikuwa wakifa maji saa za asubuhi, mama zao wakiwa katika kazi za nyumba. Basi zikaanzishwa nyumba za kulelea watoto vijijini, mwanamke wa pale pale akiwatazama saa hizo, na vifo vya kuzama vikapungua sana. Nyumba hizo wameziita kwa lugha yao Anchal, maana yake ni upindo wa sari ambao mama humfunika nao mtoto. Sisi tungesema upindo wa leso. Mtoto huzama asipokuwa na jicho juu yake, liwe la mamake au la jirani.

Siku ya kumi na moja, baada ya alasiri, nilisikia hodi. Alikuwa yule mama, peke yake. Nikamkaribisha, nikataka kuleta kahawa. Akasema, "Dada, kahawa baadaye. Nionyeshe choo." Nikamwonyesha. Akajaribu komeo. Akanyanyua mfuniko, akaufunga, akaubonyeza kwa mikono miwili na uzito wake wote. Akatazama vidaka vitupu. Kisha akapiga magoti, kama nilivyopiga mimi, akatazama kutoka chini. Alipoinuka alisema, "Ungenificha nikalisikia kwa watu, nisingerudi. Sasa najua kwamba siku nyingine likitokea jambo, nitaambiwa." Asubuhi yake mtoto akaja, na la kwanza alilouliza ni habari ya samaki. Tangu hapo kila siku baada ya chakula namchukua mikononi, nafungua mfuniko, tunawatazama pamoja, kisha nafunga yeye akiona.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Ametufundisha pia kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa kinachodhuru njiani. Ikiwa mwiba wa barabarani kuuondoa ni imani, na wanaoupita ni watu wazima wenye macho na viatu, basi ni vipi kuhusu ndoo iliyo katika njia ya mtoto asiyejua maana ya maji? Kesho asubuhi, kabla ya watoto hawajaamka, ingieni vyooni mwenu mkapige magoti. Hakuna gharama.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na watoto wa wenzetu, atusamehe tulipoghafilika, na atujaalie tuwe wenye kurudisha amana kamili kama tulivyopewa. Amin.